Ndoo ya Mjomba na Pipa la Kikundi

Mdogo wangu, kuna asubuhi moja ya Sikonge ambayo siisahau. Wewe umechaguliwa juzi kuongoza vijana wa kanisani, nawe unaniuliza utawezaje na hofu hiyo uliyo nayo. Sijazeeka kiasi cha kukuita mwanangu, lakini kwa hili niache niseme kama mkubwa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, ndipo wafuga nyuki wa kijijini wakaniweka mwenyekiti wa kikundi chao. Aliyenipigia debe kuliko wote ni mjomba wangu. Kabla sijakubali nilisimama nikawaambia ukweli: mimi ni mtu wa kuwazawaza, jambo dogo nalizungusha kichwani mpaka jua linazama. Nikamwomba Mama Kulwa, mrina asali wa siku nyingi, awe karibu nami siku ya kupokea asali, akiona nimekwama anishtue. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi.

Siku ikafika. Mnunuzi alikuwa njiani kutoka Tabora mjini, na asali yetu yote ilikuwa inamiminwa kwenye pipa moja. Tulikubaliana kwamba asali ambayo haijaiva haiingii, maana ndoo moja tu huweza kuchachusha pipa zima, na mnunuzi angetuachia mzigo wote. Akaja mjomba na baiskeli yake, ndoo imefungwa nyuma. Nikachovya kijiti, nikakiinua. Asali ikachuruzika kama chai. Alikuwa amerina mapema mno.

Nikaganda na kijiti changu. Nikawaza mama atasema nini. Nikawaza harusi ya binamu, mtoto wa mjomba huyohuyo, iliyokuwa karibu. Nikawaza labda macho yangu ndiyo mabovu.

"Mwenyekiti, umeanza," akasema Mama Kulwa.

Watu wakaangua kicheko. Nami nikapata pumzi.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Salamu tumeshapeana, mwanangu. Mimina."

"Haijaiva, mjomba. Haiingii."

"Yangu mimi? Niliyekunadi kijiji kizima?"

"Uliwaambia nitasimamia haki. Ndiyo hii nasimamia."

Akaanza kuifunga ndoo yake upya. "Haya," akasema. "Kumbe nilinadi kitu cha kweli."

Mnunuzi akaja, akaonja asali ya juu, akachota ya chini kabisa, akaonja tena. Akachukua yote. Vigelegele vilivyopigwa pale! Na mjomba naye alikuwemo, anapiga mluzi kuliko vijana.

Basi usingoje hofu iishe ndipo uongoze. Yangu ninayo mpaka leo. Ijue, waambie wenzako bila kuona haya, tena mtafute mtu wa kukushtua. Na sheria utakayowawekea wengine, ianzie kwa ndugu zako. Hapo watu watakufuata hata kama sauti yako inatetemeka.

Mungu akupe moyo mweupe, akuzungushie watu wanaoweza kukucheka na bado wakakupenda. Nenda kaongoze, mdogo wangu. Unaweza.