Kanuni Aliyoitetea Fundi Saa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, isipokuwa dada yake aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, dada huyo aliacha shule, akakalia cherehani na kumsomesha kitinda mimba huyu mpaka akajua kufungua saa ndogo kuliko ukucha na kuirudishia uhai. Ukubwani walipanga vibanda vilivyopakana. Ukuta wa mbao kati yao ulikuwa mwembamba hivi kwamba mmoja akipiga chafya, mwenzake alimwombea afya bila kuacha kazi.

Ni Fundi Saa aliyewaletea wafanyabiashara wa mtaa ule sarafu ya kidijitali. Aliwaeleza mpaka sauti ikamkauka: sarafu hii haina bosi. Kila mwanachama ana kompyuta yake, na zote hutunza kumbukumbu moja. Kanuni hubadilika pale tu wengi wanapokubali kuweka programu mpya.

"Na malipo yakishapita, yamepita," alisema akijipiga kifua. "Hakuna mkubwa wa kuyafuta."

Dada yake alikuwa wa kwanza kujiunga. Hakuelewa hata nusu ya maneno yale, lakini alimwamini ndugu yake, basi. Humo akawa anaweka akiba ya kutibiwa macho, maana uzi ulikuwa umeanza kumpotea mkononi.

Siku moja alipigiwa simu na mtu wa sauti ya upole, aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa programu. Akamwomba maneno ya siri ya kufungulia akaunti yake, naye akayataja. Kabla chai yake haijapoa, akiba yote ilikuwa imehama. Kilichouma zaidi ni kwamba kila mwanachama aliiona ilipo, kwenye akaunti isiyo na jina, haijaguswa.

Mchomeleaji mageti, aliyekuwa mwenyekiti wao, akaitisha kikao karakanani kwake. "Tubadili kanuni mara hii tu," alisema. "Tumrudishie dada wa watu haki yake." Mikono ikaanza kuinuka.

Fundi Saa akasimama. Ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Huyu ni dada yangu. Hakuna anayeumia kama mimi. Lakini leo tukimfutia dada yangu malipo yale, kesho tutamfutia nani? Kanuni inayomtambua mtu kwa sura si kanuni tena."

Mkono mmoja ukashuka, wa pili ukafuata, mpaka ikabaki harufu tu ya chuma kilichoungua.

Mlangoni alimshika dada yake bega. "Haiwezekani, dada. Ingewezekana, ningefanya."

"Kama haiwezekani, basi, baba," alijibu. Alimwita baba tangu utotoni, alipokuwa akimbembeleza. "Umesema vizuri."

Fundi Saa alipotaka kuuza vifaa vyake vya kazi amlipie matibabu, dada alikataa katakata. "Sikutaka chako, mdogo wangu. Nilitaka changu." Macho yalizidi kufifia. Mwishowe cherehani ikauzwa, na binti yake akaja kumchukua, akaenda kuishi naye mji wa mbali. Kwenye kibanda cha dada akaingia muuza viatu, mtu wa redio kubwa.

Mwaka haukuisha, mwenye maduka ya jumla akateleza kidole. Alituma malipo ya mzigo mzima kwenye akaunti isiyo na mwenyewe. Safari hii hakikuitishwa kikao. Ujumbe uliingia tu kwenye simu za wanachama: wekeni programu mpya, malipo yale yafutwe. Kabla ya adhuhuri walikuwa wameiweka.

Fundi Saa alikimbilia karakanani. "Na kanuni je?"

Mchomeleaji akainua miwani yake ya kazi. "Kanuni ni sisi, Fundi. Tukikubaliana, ndiyo hiyo. Tukikataa, haipo."

"Mbona kwa dada yangu hamkufanya hivyo?"

"Sisi tulikuwa tumeshainua mikono. Ni wewe uliyetushusha."

Fundi Saa hakuweka programu mpya. Kompyuta yake ikabaki peke yake na kumbukumbu ya zamani, na sarafu zake hakuna aliyezipokea tena. "Hizo peleka makumbusho," muuza viatu alimtania, naye akacheka kwa heshima tu.

Akafunga kibanda, akapanda basi kwenda kwa dada yake. Alimkuta barazani, amekaa wima kama watu wasioona wanavyokaa. Dada akampapasa uso kwa vidole vyote.

"Umekonda, baba. Nani anakupikia?"

Akapiga magoti mbele yake, akamsimulia yote: mwenye maduka, programu mpya, maneno ya mchomeleaji. Vidole vikasimama shavuni.

"Kwa hiyo iliwezekana," dada alisema polepole.

"Iliwezekana, dada. Nisamehe."

"Nimekusamehe, usilie." Akaondoa mkono, akaurudisha mapajani. "Ila heri usingeniambia. Nilikuwa nimeshazoea."

Ndani, binti yake aliita kwamba chakula kiko tayari. Fundi Saa akainuka amshike mkono kumwongoza, lakini dada alikuwa ameshageuka, anaifuata njia kwa kupapasa ukuta.