Mtani Wangu wa Mikumi

Rafiki yangu wa chuo alinialika kwao Kilosa likizo ile, na nyumbani Tabora kila mtu alidhani nakwenda kupunga upepo. Niliwaacha wadhani. Mama alikuwa amefariki kabla ya mvua za vuli. Tulimzika, tukamsomea arobaini, na mumewe hakutokea, kwa sababu hakuna aliyejua pa kumpelekea habari. Huyo mume ndiye baba yangu. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa Kilosa kwa asili, akahamishwa kikazi mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alisema atatuma nauli tumfuate. Nauli haikuja, na talaka nayo haikuja, kwa hiyo mama alikufa akiwa bado mke wake.

Rafiki yangu ndiye aliyenifumbua macho. Siku moja bwenini nilitaja jina la baba, akaniangalia na kusema, "Mbona huyo yupo Mikumi. Reli ilipopunguza watu, alifungua hoteli ya wasafiri pale barabarani." Sikulala. Nilitaka mambo mawili tu: kumwambia kwa mdomo wangu kwamba mkewe amekufa, na kumsikia akiniita mwanangu mbele za watu.

Basi nikapanda treni. Treni ilipovuka milima na kuteremkia bonde la Munisagara nilikuwa nimesimama dirishani, na Kilosa nilishuka nikiwa na vumbi mpaka masikioni. Rafiki yangu alinipokea pamoja na kaka yake, kijana mrefu mwenye suruali ya mtumba iliyopigwa pasi ikakoma. Kabla sijatua begi kaka mtu akaniambia, "Mpagazi wangu umefika? Shika na kapu hili la dada, kazi yenu tunaijua."

Nilicheka, sikuwa na la kufanya. Wasagara wa huko na sisi Wanyamwezi ni watani, tangu babu zetu wapite pale na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani atakutukana, atakuzulia, atakuita mtumwa wake hata mbele ya jeneza, na ukinuna umeshindwa. Nikabeba kapu. Kaka alitembea mbele mikono mitupu, akiwaambia watu njiani kwamba amenunua mtumwa kwa bei nafuu.

Mama yao alinipa pole ya msiba kabla ya kunipa maji. Yule mama nitamwombea dua mpaka nife.

Kisha wakaanza kunitembeza. Walinionyesha daraja la Mkondoa, mashamba ya mkonge ambayo majani yalikuwa yameyafunika, ghala la ushirika lililofungwa kwa kufuli kubwa, na ng'ambo yake wanunuzi binafsi wenye mizani zao wakigombea pamba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Sokoni mitumba ilimwagwa chini kwa marundo, redio zililia kila kibanda na kanda yake, na wazee walioachishwa kazi mashambani waliuza maandazi wakiwa bado wamevaa makoti ya kazi. Kila mahali kaka alikuwa na neno. "Hapa babu yako alitua mzigo akalia." "Pale alikimbia na jino la tembo la mwenyewe." Watu walicheka, nami nikajibu nilivyoweza, kwamba kama si babu zangu wao wangekuwa mpaka leo wanavaa magome ya miti.

Nikiuliza Mikumi, naambiwa kesho. Kesho ikifika, ooh, gari hakuna. Kesho yake, ooh, njia imekatika. Nikawa mkali. Nikamwambia rafiki yangu kwamba sikutoka Tabora kuja kuangalia mabehewa, maana mabehewa hata kwetu yapo. Akajitia hamnazo, akaendelea kunisuka nywele.

Kumbe kaka alikuwa ameshatuma ujumbe Mikumi kwamba binti wa Tabora anakuja; la msiba hakuligusa, aliniachia mwenyewe. Baba yangu ni mtu wao, na mtu wao haendewi kwa kushtukizwa. Hilo nililijua baadaye. Walimpa nafasi ya kujiandaa, na mimi walinipa ziara.

Hatimaye tulipanda lori lililokuwa limebeba mpunga wa Tindiga, tukakaa juu ya magunia. Barabara ilikuwa mbovu, ikaturusha hadi tukafika Mikumi mifupa inauma. Malori ya Zambia yalikuwa yamepangana pembeni, mabasi ya Mbeya na Iringa yanapiga honi, abiria wanateremka kukimbilia chakula. Njiani kaka alikuwa amenionyesha twiga waliosimama karibu na njia. Niliangalia, lakini hata leo ukiniuliza walikuwa wangapi sijui. Nilikuwa narudia moyoni maneno ya kumwambia baba.

Hoteli yake ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya buluu, imejaa watu. Alikaa kaunta, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, mtu mnene mwenye afya. Nilimjua kwa paji la uso. Ni hili hili ninalotembea nalo mimi. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Karibuni. Wali au ugali?"

"Baba, mimi ni mwanao," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na watu wa meza za karibu wakageuka. "Natoka Tabora. Mwanao uliyemwacha kwa mke wako wa Tabora."

Hakushtuka. Hicho ndicho kilichoniuma kwanza. Alifuta mikono kwa kitambaa, akatabasamu, akawageukia wateja.

"Tabora? Mnyamwezi?" akasema kwa sauti ya mtu anayehutubia harusi. "Jamani, mnawaona watani zangu hawa? Zamani walibeba pembe za ndovu. Siku hizi pembe zimekwisha, wanabeba watoto, wanawatembeza hotelini kuwatafutia baba!"

Hoteli nzima ilicheka. Dereva mmoja wa lori alicheka mpaka wali ukamtoka puani. Nikangoja wacheke wamalize, nikaanza tena, "Baba, nisikilize, nina habari ya..." Akanikata.

"Na hata ningekuwa baba yako, mtumwa wangu, kwetu Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama. Nenda kwa wajomba zako wakulishe!"

Hapo walipiga meza. Niligeuka nikamtafuta rafiki yangu kwa macho. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Kaka yake hata hakuziba. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitamani niwashe kibiriti pale ndani na wote wamo. Lakini ningefanya nini? Ni utani. Ukilia, wanasema Mnyamwezi huyu hajalelewa. Ukitukana kwa dhati, wanasema umevunja mila. Baba alikuwa amejificha ndani ya utani, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumfuata kumtoa.

Nikacheka. Nilicheka na wao, machozi yananitoka, wakadhani ni ya kicheko.

"Mpeni mtani wangu supu," akasema, "asiende kututangaza kwao."

Aliyeileta ni mkewe wa Mikumi, mwanamke mpole, akanikaribisha kwa mikono miwili. Hakujua lolote, masikini. Niliila ile supu yote. Nilikuwa na njaa, na sikutaka kumwachia hata mfupa.

Nilipomaliza nilitoka nyuma kunawa. Nilikuwa nimeinama penye pipa la maji niliposikia kandambili zinakuja. Alikuwa yeye. Aliangalia mlango wa jiko, akaangalia na uchochoro, akasogea. Uso ule wa kaunta haukuwepo. Akanishika bega.

"Mwanangu," akasema kwa kunong'ona. "Mama yako anaendeleaje?"

Nilikuwa nimelibeba neno hilo la msiba kutoka Tabora. Lilikuwa haki yake, kwa dini na kwa ndoa. Mume huambiwa, akaletewa mkeka wa kukalia msiba, akapewa pole, akasomewa Fatiha pamoja na watu wake. Nilimwangalia jinsi anavyogeuka kila mlango ukilia, asije akaonekana na mimi.

"Hajambo kabisa," nikamwambia. "Anakusalimia sana. Anasema bado anakusubiri."

Akapumua, kifua kikashuka. "Alhamdulillahi," akasema. "Mwambie nikijaliwa nitakuja kumwona."

"Nitamwambia," nikasema, nikafuta mikono kwenye sketi, nikaenda kutafuta basi.