Bastola Iliyotoka Kabasa

Apolinary Burito alikuwa mwoga. Msinirukie, sisemi vibaya juu ya marehemu. Alikuwaga anasema mwenyewe, tena anacheka: "Mimi hata jogoo akinikazia macho, nampisha njia." Alikuwa mnunuzi wa dagaa. Kila Jumatatu alfajiri alishuka Mwigobero, kule mjini Musoma boti zinakopakulia samaki, akarudi Nyegina na magunia juu ya Toyo, pikipiki yake. Mtu mwembamba, mcheshi, hana neno na mtu. Watoto wa kijiji walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwanyima.

Mimi naitwa Lameck. Nyumba yangu na yake zimetenganishwa na shamba la mihogo tu. Nililinda ghala la pamba Bunda miaka kumi na moja, bunduki begani, ndiyo maana hapa wananiita Afande. Sijawahi kumpiga mtu risasi, hata panya sijampiga. Lakini nililipenda lile jina, na kulipenda huko ndiko kulikoniponza.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, wezi waliingia alfajiri kwa Apolinary na mapanga. Walijua ni Jumatatu, pesa ya dagaa iko ndani. Apolinary akateleza chini ya kitanda. Ndiyo, chini ya kitanda, na mkewe amesimama katikati ya chumba! Flora hakuwaomba wala hakulia. Alifungua mdomo akapiga yowe moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinasimama.

Sasa, kwetu yowe lina sheria yake. Ukilisikia, unatoka na ulichonacho mkononi. Asiyetoka analipa mbuzi, na mbuzi huyo anachinjwa na kuliwa na wale waliotoka. Basi siku ile tulitoka. Bonifasi, katekista wetu, alikuja na mwiko wa ugali, nguo hata hazijakaa sawa. Wezi walikimbia bila kuchukua hata shilingi. Ni Prosper peke yake, fundi baiskeli, ambaye hakutokea. Alisema eti tumbo lilikuwa linamkata. Alilipa mbuzi, tukamla pale pale kwake, na nani alikuwa anaongoza kumzomea? Mimi. Nilimwambia, "Mwanaume mzima unajifunika shuka jirani anakufa? Aibu haikushiki hata kidogo?" Watu walicheka mpaka machozi.

Ila walimcheka na Apolinary. Akipita dukani, vijana wanainama kuchungulia chini ya benchi: "Tulidhani umelala huku, mzee." Na yeye ambaye alikuwaga wa kwanza kujicheka, safari hii hakucheka. Baada ya wiki mbili alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Kaka Lameck, nataka bastola. Sitaki tena kuokolewa na mdomo wa mke wangu. Nataka siku moja nisimame mlangoni kwangu kama mwanaume. Halafu basi, hata nikifa."

Ningemwambia, nunua mbwa. Ningemwambia, hao vijana watachoka kucheka. Badala yake nilivimba kichwa. Nikakohoa kidogo kama ofisa nikamwambia, "Hilo niachie mimi."

Kibali kilichukua miezi minane. Barua ya kijiji, barua ya kata, polisi wilaya, alama za vidole, maswali mpaka ya bibi mzaa mama. Polisi walimwonya: silaha ni siri yako, usiitangaze. Kwa hiyo hapa kijijini tuliojua tulikuwa watatu tu: mwenyekiti Werema, mtendaji, na mimi. Hata Flora aliambiwa mwishoni kabisa.

Halafu ikaja kazi ya kuchagua, na mfuko wa muuza dagaa mnaujua. Tulikwenda duka la silaha Mwanza. Yule muuzaji alitutandikia kitambaa cheusi akapanga bastola nne juu yake. Kulikuwa na moja ya Kituruki, mpya, inang'aa, nyepesi mkononi. Apolinary aliishika kwa mikono miwili. Akauliza bei, akairudisha taratibu mezani. Ilikuwa inakula mtaji wote wa dagaa na Toyo juu yake.

Njiani nikakumbuka Mzee Nicolaus wa Kabasa, pale Bunda. Enzi zake alikuwa mnunuzi wa pamba, na alikuwa na bastola yenye kibali. Sasa macho yamekufa na polisi wanamwambia airudishe au aiuze kihalali. Tukaenda. Mzee alituletea ikiwa ndani ya soksi ya shule, ya kijivu.

"Ya Kirusi," akasema. "Nzito, mbaya kwa sura, lakini haina kiburi. Hizo mpya zinataka mafuta kila wiki kama bibi harusi."

Niliikagua kama mnunuzi wa ng'ombe anavyomkagua maksai mnadani. Nilitoa magazini nikaibonyeza springi kwa kidole: ngumu, haijalegea. Nikaivuta ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na kujipakia yenyewe: inakwenda na kurudi bila kusita. Nikaangalia ndani ya mtutu kwa mwanga wa dirisha, hakuna kutu. Nikampa Apolinary aishike, nikaona vidole vinafika vizuri. Kusema kweli nilifurahia. Ni lini tena mtu kama mimi anaulizwa maoni yake na watu wakanyamaza kumsikiliza?

Walipatana kwa nusu ya bei ya ile ya Kituruki. Apolinary akamwomba mzee apunguze tena kidogo, mzee akaja juu: "Kijana, nimekupa na soksi!" Tukacheka wote. Makaratasi yakapita polisi, wakatupeleka kuijaribu kwenye uwanja wao wa shabaha. Apolinary alipiga risasi tatu. Mlio wake haukuwa wa kishindo kama bunduki yangu ya ghalani. Ulikuwa mkavu na mfupi, kama mtu anagonganisha mbao mbili karibu na sikio. Nikamwambia, "Umepata kitu kizuri kwa bei ya bure, bhana." Alinishika mkono na hakuuachia mpaka tumefika stendi.

Ubaya haukuwa kwenye bastola. Mngesikia ubaya ulipokuwa mngenitemea mate.

Nilimfundisha. Jioni mbili tatu nilikaa naye nikampa yale niliyofundishwa ghalani. "Wakija, zima taa. Kaa pembeni ya mlango. Na kelele usipige, wala mkeo asipige, kelele inawaonyesha mlipo." Akaitikia kwa kichwa. Nikaongeza, Mungu anisamehe, "Yowe ni la mtu asiye na kitu."

Flora alikuwa anapepeta mchele pale pale. Akasimamisha ungo. "Shemeji, yowe ndilo lililotuokoa."

"Mama, sikiliza mtaalamu," Apolinary akamwambia. Mtaalamu! Flora akaendelea kupepeta.

Wezi walirudi mwaka huu, Jumapili ya tatu ya mwezi wa pili. Hawakuja alfajiri. Walikuja saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka, maana walijua tunalala na tahadhari lakini jioni tunakaa ovyo. Siku hiyo Werema alikuwa Butiama msibani, mtendaji yeye anaishi mjini. Mimi nilikuwa uani nafunga waya wa banda la kuku.

Nikasikia mbao mbili zikigongana. Tena. Tena.

Kila mtu Nyegina aliwaza kitu kimoja: majambazi wenye bunduki. Na kwa bunduki hakuna sheria ya mbuzi. Watu wakakusanya watoto, komeo zikasukumwa nyumba hata nyumba. Mke wangu Naomi akaniita, "Baba Gody, ingia ndani!" Nikaingia. Nikafunga mlango.

Mimi nilikuwa najua. Acheni niseme wazi, nimechoka kulizungusha. Kijiji kizima siku ile, mtu mmoja tu ndiye aliyeujua mlio ule, na mtu huyo alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake na mkono juu ya komeo. Nilijua ni ile ya soksi. Nilijua ni Apolinary anayepiga, si anayepigwa. Ningetoka nikapaza sauti, "Ni yetu hiyo, tokeni!", wangetoka wote. Lakini nikajiambia, je, kama wamemnyang'anya? Je, kama na wao wanazo? Nikasukuma komeo, mimi Afande.

Kwa muda kulikuwa kimya, kwa sababu Flora alikuwa amekatazwa. Alinieleza baadaye. Walikuwa watatu. Apolinary alisimama mlangoni kama alivyotaka, hakwenda chini ya kitanda. Wa kwanza alimkata panga la paja kabla hajafyatua, halafu Apolinary akafyatua, na bastola ikaitika mara zote tatu, wezi wakatimka. Kisha akaanguka. Flora akafunga paja kwa kanga, damu ikapita. Akafunga kwa kanga ya pili. Ndipo akapiga yowe.

Nililisikia. Lilikuwa lile lile la mwaka juzi. Nyumba nyingine walisema ni mtego, majambazi wanamlazimisha mama wa watu apige kelele. Mimi sikuwa na kisingizio hicho. Naomi alinitazama tu, hakunishika. Hakuna aliyenishika.

Akapiga la pili. La tatu lilikuwa limekauka.

Bonifasi katekista ndiye aliyetokea, na ilikuwa imepita karibu nusu saa. Alikuwa anatoka mjini kwa baiskeli, risasi hakuzisikia. Alimkuta Flora barabarani anasukuma toroli la kubebea samadi, na mumewe amekunjwa ndani yake. Bonifasi akatupa baiskeli akapiga yowe yeye, huku anaita majina yetu moja moja. Hapo ndipo milango ikafunguka. Hapo ndipo na mimi nikatoka, tena nimeshika panga, mbio, nimekunja uso kama mtu wa maana.

Apolinary alifia kwenye pikapu kabla hatujafika hospitali mjini. Daktari alisema damu ilikuwa imekwisha, na kwamba wangemwahi kidogo tu mshipa ungefungwa. Alisema kwa upole. Ningependa angetukana.

Polisi walipokuja kuichukua bastola, askari mmoja kijana aliifungua akaitazama. "Silaha nzuri hii," akasema. "Haijakwama hata mara moja. Nani alimchagulia?" Watu wakanitazama. Walikuwa wamekwisha kuambiwa kuwa ni mimi.

Baada ya matanga mkutano wa kijiji ulikaa. Werema akasema, risasi zilitangulia yowe, kwa hiyo mbuzi hakuna, hakuna wa kulaumiwa. Wote wakapumua. Prosper fundi baiskeli alikuwa amekaa nyuma, ananiangalia tu. Hakunizomea. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo anizomee.

Mkutano ulipoisha Flora alinijia pale nilipokuwa nafunga viatu. "Shemeji," akaniuliza, "ile siku mliyokwenda kuijaribu kwa polisi, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mlio wake uliusikia?"

Ningeweza kudanganya. "Niliusikia, shemeji."

"Haya," akasema. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Usiku huo sikula. Kulipokucha nilikwenda bandani nikamchagua beberu mweupe, yule niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya harusi ya Gody, nikamvuta mpaka kwa Flora. Nilimkuta anafagia. Nilimfunga beberu kwenye mti wa mpapai, nikasimama tu kama mtoto aliyevunja chungu.

Flora alimtazama beberu, akanitazama mimi. Nilidhani atamfukuza. Nilidhani labda atalia, na mimi nilie, tumalize. Aliweka ufagio chini, akafungua kamba, akamvuta yule mnyama akanipita bila kunigusa. Alivuka barabara na shamba la mihogo, akapita nyumba ya Werema, akapita ya Prosper, akipita mbele ya kila mlango taratibu, mpaka kwa Bonifasi katekista.

Nilimfuata kwa mbali. Nilimsikia Bonifasi akishangaa: "Mama, huyu ni wa nini?"

"Ni mbuzi wa yowe," Flora akamwambia. "Analiwa na waliokuja."