Seng'enge Afungua Njia ya Tembo

"Umekata uzio wangu kabla sijanawa uso, halafu unaniomba chai?"

"Chai nimeomba kwanza, shemeji. Uzio tutauzungumza kikombe kikiwa mkononi."

Bwana huyu ndiye tunayemwita Seng'enge, fundi wa uzio tangu ndevu hazijamwota. Nyaya akizivuta yeye, hata upepo hupiga hodi. Jogoo mmoja aliwika upande wa pili wa uzio wake, sauti ikabaki hukohuko. Mashamba yote, kutoka msituni hadi bwawani, aliyafunga yeye. Tembo wakakosa njia yao ya jadi, wakawa wanapita kwenye mahindi ya watu. Majirani wakakubaliana ifunguliwe tena, ule ushoroba wanaousema wataalamu, na nani wa kufungua kama si aliyefunga? Akawa anakunja nyaya huku anapiga mluzi kama bwana harusi. Likabaki shamba moja, la mjane wa kaka yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Asubuhi hii kiganja kilimwasha, akatwaa koleo bila kungoja ruhusa.

"Utaufunga leo leo," shemeji alisema, mguu ukikanyaga cherehani. "Mchicha wangu si uwanja wa ndovu."

"Mchicha nimeuwekea mizinga ya nyuki. Tembo na nyuki hawaivi chungu kimoja. Lakini ukifunga hapa, kazi yetu yote imekufa. Ni sawa na kushona suruali ukaziba pa kutokea mguu."

Kicheko kilimjia shemeji, akakimeza na kung'ata uzi.

"Mpaka saa sita basi. Asipopita hata swala, nyaya unavuta mwenyewe, nami nakukagua."

Seng'enge hakutulia. Alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Wako karibu, shemeji. Kwa jirani nimekuta kinyesi bado kinafuka."

"Mtu ananisimulia kinyesi na chai yangu mkononi mwake."

"Kinafuka kuliko hii chai."

Shemeji aliinamia pindo la sare, uzi ukagoma kuingia sindanoni.

"Hebu toka hapo dirishani, unaniziba mwanga."

"Mimi niko huku mlangoni."

Shemeji akainua kichwa. Dirisha lote lilikuwa la kijivu, lenye mikunjo, na lilikuwa linatembea. Nyuma ya tembo huyo, mtoto wake akakimbilia pengo la uzio, masikio yakipepea, akapita bila kugusa nguzo.