Meno ya Juu na Kitabu cha Nyota

Mwanangu aliota jino la juu kwanza. Huko milimani kwetu Upare jambo hilo linasemwa kwa kunong'ona, kana kwamba jino linasikia. Shuleni tulifundishwa kwamba mambo ya kigego yalikwisha zamani. Mtoto aliyeanza kuota meno ya juu alihesabiwa mkosi wa ukoo mzima, hakuachwa akue, na upo mwamba alikopelekwa, ambao mpaka leo watu wakiupita hukata maongezi. Mwalimu alisema wamisionari walilimaliza hilo, kisha serikali ikalimaliza tena. Tukajibu swali kwenye mtihani, tukapata maksi, tukaendelea na mambo ya vita vya Ulaya.

Hakuna aliyetuambia kwamba jambo lililokufa linaweza kufufuliwa kwa karatasi.

Nilipokuwa shule karatasi yenyewe ilikuwa adimu. Daftari moja tulilikata katikati kwa wembe, nusu yangu, nusu ya mwenzangu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na gazeti likifika Same lilikwisha kusomwa na mji mzima kabla halijafungiwa karanga. Halafu ikawa ruksa, biashara ikafunguliwa. Nilipomaliza kidato cha nne stendi ya Same ilikuwa imejaa vitu ambavyo sikuwahi kuviona: mitumba, betri, kaseti, magazeti ya kila rangi. Na vitabu vya nyota. Vilikuwa vyembamba, jalada jekundu lenye picha ya mwezi na nyota, karatasi ya kahawia yenye wino unaobaki kwenye vidole. Ndani mlikuwa na kalenda ya miezi ya kuandama, siku njema na siku za nuksi, namna ya kupata nyota ya mtu kwa kuhesabu herufi za jina lake na la mama yake, na utabiri wa kila wiki ya mwaka.

Baba mdogo wa mume wangu alipanda mlimani na kimoja. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Alirudi na begi moja, miwani, na hicho kitabu. Mtu aliyezoea kuita majina ya watu kila asubuhi, akiambiwa hana tena wa kumwita, atatafuta wa kumwita.

Mwanzoni tulicheka. Wanawake walikuja kwake kumchokoza. Jirani yetu mmoja alimwambia, "Baba, nitafutie humo siku ambayo mume wangu ataacha pombe." Akafunua kurasa taratibu, akasema ukurasa huo umeliwa na panya. Tukacheka mpaka makande yakaungua. Mchungaji alihubiri dhidi ya kitabu Jumapili, na Jumatatu mkewe akaja kuuliza siku nzuri ya kuatamisha kuku.

Kisha asubuhi moja baba mdogo akatusomea utabiri wa wiki ile: kitu kikubwa kitaanguka na watu watalia. Mchana lori lililobeba ndizi na watu likakosa breki kwenye kona ya chini. Sisi tuliokuwa shambani tulisikia kwanza kimya, halafu mlio, halafu kimya tena. Wakati wa mazishi watu hawakumtazama mchungaji. Walimtazama baba mdogo, aliyesimama pembeni ameshika kitabu kwa mikono miwili, na nitasema kweli, hata mimi ngozi ilinisisimka.

Kuanzia hapo hakuna aliyecheka. Jumatano ya mwisho wa mwezi mwandamo, ambayo kitabu kilisema ndiyo nuksi kuliko zote, kitongoji kizima kilijifungia. Aliyevuka kizingiti siku hiyo, kilisema kitabu, angefuatwa. Hakikusema na nani. Kuku walifungiwa. Hata maji ya ndiva, bwawa letu la juu la kumwagilia ambalo watu wametukanana kwa ajili ya zamu zake tangu nizaliwe, siku hiyo yalipita kwenye mfereji bila mtu kuyageuzia shambani kwake. Unakaa ndani unasikia maji yanapita bure. Ni sauti mbaya. Mbaya kuliko kelele.

Jino lenyewe aliliona mama mkwe. Alikuwa akimlisha binti yangu uji, kijiko kikasimama hewani. Akatazama. Akachukua pindo la khanga yake akamfunika mtoto mdomo, polepole, kama anayefunika chungu nzi wasiingie. Jioni kila nyumba ilikuwa inajua. Walioshindana kumbeba mwanangu wakaanza kuwa na mikono michafu, mara majivu, mara unga. Akapewa kikombe chake. Na jina lake likaacha kutajwa. Wakawa wanasema "huyo".

Baba mdogo akafanya hesabu. Alijumlisha herufi za jina la mtoto na za langu, akatoa, akagawa, akasema nyota yake ni ya moto. Meno ya juu maana yake moto umepanda kichwani, na moto huo utakula ukoo. Dawa ya nyota ya moto kitabu kiliitaja: apozwe kwa baridi ya mahali pa juu. Na mahali pa juu, kwa akili yake, ni wapi kama si ule mwamba? Mtoto atavikwa nguo mbichi, atalazwa chini ya mwamba jua likizama, achukuliwe jua likichomoza. Siku njema ni Alhamisi ya kufunga mwezi.

Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hiyo haikuwa mila. Wazee waliofanya yale ya zamani hawakujua nyota ya moto wala ya upepo. Wala haikuwa dini ya mtu yeyote. Ilikuwa nusu ya jambo la kutisha lililokwisha kufa, imeshonewa nusu ya kitabu cha stendi, na mtu aliyeishona alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa chai niliyompikia mimi.

Binti yangu alikuwa na kifua. Alishalazwa kwa nimonia, na baridi ya mwamba ule hata mbuzi wanaikimbia. Nilimwambia baba mdogo mtoto atakufa. Akavua miwani, akaifuta.

"Akiamka, ni wetu," akasema.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua kichwa.

Mume wangu alikuwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kwa biashara ya samaki. Nilimtumia ujumbe kwa dereva wa Land Rover inayoshuka Same. Jibu lilirudi kwa njia ile ile: tumsikilize baba mdogo, yeye ndiye anayejua mambo hayo, na mimi niache ubishi wa shule. Alituma na samaki wakavu. Niliwapa paka.

Siku ya kliniki nilishuka Same na mtoto. Muuguzi alicheka, akasema meno ni meno, akampima, akaniambia nimkinge na baridi. Nilitoka pale nimeshika kadi na sijapata msaada. Kadi inasema kilo. Haisemi kitu ambacho baba mdogo angekiogopa.

Nikaenda kwenye duka la vitenge karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu, ukoo wao umekaa Same tangu zama za misafara, na vitabu vile vyekundu vilining'inia mlangoni kwake kwenye kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia nataka kujua nani anaandika huu uchafu. Alinitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akaniletea stuli.

Kutoka kwenye sanduku alitoa viwili vingine. Cha kwanza kilikuwa cha babu yake, kimechapwa ng'ambo kwa herufi za Kiarabu, karatasi imekuwa na rangi ya samli na imeliwa pembeni. Cha pili cha baba yake, cha wakati wa Mwingereza, herufi hizi zetu, matangazo ya baiskeli na sabuni nyuma. Nikamtajia wiki ya ajali ya lori, akavifungua vyote vitatu kwenye wiki hiyo, akanisomea kwa kidole. Kitu kikubwa kitaanguka na watu watalia. Kitu kikubwa kitaanguka na watu watalia. Cha tatu nilijisomea mwenyewe.

Alisema babu yake aliposoma hivyo, Mjerumani ndiye aliyeanguka. Kwa baba yake ilikuwa bei ya mkonge. Wachapaji hubadilisha jalada na mwaka, ndani ni yale yale. Na ile hesabu ya majina ni ya herufi za Kiarabu, kila herufi ina tarakimu yake. Jina la Kipare na la ubatizo, mtu akilihesabu kwa a be che, anapata nyota ya nani?

Nilimuuliza mbona basi anaviuza.

"Na tochi nauza, mwanangu. Sijawahi kumwambia mtu aende wapi gizani."

Nilimsihi apande nami mlimani awaambie. Alikataa kwa upole, na upole wake ulinikera kuliko matusi. Hakuna atakayenisikia, alisema. Wataona Mswahili wa chini amekuja kuwaibia dawa yao. Alipoona nalia kwa hasira akaongeza, kama wa kunifariji, kwamba yeye mwenyewe Jumatano ya mwisho wa mwezi hufungua duka kama kawaida.

Bila nauli ya kufika kwingine, nilirudi na Land Rover nimekaa juu ya magunia, na kwenye kona zile nikafikiria hilo. Jumatano ya mwisho. Alhamisi ya baba mdogo ilikuwa kesho yake. Kitabu hakikujua nyota ya mwanangu, lakini kilijua kitu kimoja kwa hakika: siku ile watu wote wa kitongoji chetu watakuwa wapi.

Sikutoroka usiku kama mwizi. Nilimnywesha mtoto uji, nikamfunga mgongoni, nikabeba kikapu, nikavuka kizingiti mchana kweupe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Baba mdogo alinisikia. Alikuja mpaka mlangoni kwake, akasimama, vidole vya miguu kwenye ubao wa kizingiti.

"Rudi ndani. Leo si siku ya mguu."

Nikapita mbele yake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angenishika. Hakunyoosha. Mtu mzima anaweza kumlaza mtoto mwambani, lakini hawezi kutia unyayo kwenye uwanja wake mwenyewe.

Njia nzima hapakuwa na mtu. Nimezaliwa milimani, naijua ile njia: kuna wa kukusalimu, kuna wa kukuuliza unakwenda wapi, kuna mtoto na kuni. Siku hiyo palikuwa na madirisha tu, na nyuma ya kila dirisha weupe wa macho. Hakuna mbwa aliyebweka. Maji yalipita kwenye mfereji kando yangu yakiteremka ninapoteremka, na mgongoni binti yangu alikuwa anacheka. Alicheka peke yake, kicheko kirefu, kama anayechezeshwa na mtu anayetembea nyuma yetu. Nilijiambia ni majani yanamtekenya. Sikugeuka.

Chini ya shamba la mwisho nikasikia nyayo kweli. Peku, za haraka. Nikaokota jiwe. Ukungu ukaachia, akatoka mama mkwe, khanga kichwani, anahema. Mwanamke yule alikuwa hathubutu kumwaga maji uani siku ya nuksi. Nilidhani ametumwa kumchukua mtoto, na nilikuwa tayari kumpiga. Sitasema uongo.

Alisimama mbali kidogo, akatazama jiwe, akatazama mtoto.

"Mfunike kichwa, kuna umande," akasema. Kisha, bila kubadilisha sauti: "Wa kwanza wangu aliota hivyo hivyo. Walipomchukua, mimi sikutoka ndani."

Akasogea. Akamwita mwanangu kwa jina lake. Hakuna aliyelitaja jina lile tangu siku ya kijiko. Mtoto akamnyooshea mkono, naye akauweka kwenye shavu lake akakaa hivyo, kisha akaniambia nishuke, akageuka kuingia kwenye ukungu. Nilimwita twende wote. Alisema mtu lazima akae njiani pale, ili kesho wakija kuuliza awaambie nimepita upande mwingine.

Nilishuka mpaka tambarare, nikapata lifti ya trekta mpaka Bendera, alikohamia mama yangu. Joto la huko, mbu, vumbi. Mtoto akaota na ya chini.

Mama mkwe alifariki kabla ya vuli. Alikuwa na presha siku nyingi. Kila mtu alijua, maana mwenyewe alikuwa akichemsha majani ya kuitibu. Lakini nilipopanda kumzika, watu walinipisha njia pana mno, na niliposogea kaburini na binti yangu kiunoni, kina mama waliokuwa wanaimba walishusha sauti mpaka nikawa nasikia udongo. Wanasema alivuka kizingiti akafuatwa. Wengine wanasema moto wa mtoto ndio ulioanza kwake. Baba mdogo alikuwepo, amekonda, kitabu mfukoni. Mume wangu alisimama upande wake, na ndiyo siku ya mwisho mimi na mume wangu tulisimama mahali pamoja. Baba mdogo aliniambia yote yameandikwa, kama nataka anionyeshe.

Nilimwambia anionyeshe palipoandikwa mtoto wa kwanza wa mama mkwe. Alikuwa shemeji yake, lazima alijua. Aliingiza mkono mfukoni, kwenye kitabu, akautoa mtupu. Waliokuwa karibu wakatazama chini, wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, nikatambua kwamba walijua wote, na kwamba wakati ule hawakuhitaji kitabu.

Binti yangu sasa anasoma. Anasoma chochote: mabango, gazeti lililofungiwa nyama, maandishi ya kwenye gunia la mbolea. Kila ndugu wa mlimani akishuka kuja Bendera huniambia kwa siri, jikoni, kwamba huko juu bado wanamhesabia mtoto kifo cha bibi yake. Kwa hiyo nimeandika haya mwenyewe, na jioni ya leo nitampa ayasome, mlango ukiwa wazi.