Cherehani Amenuna

Wanafunzi walimbandika mwalimu wao wa Kiswahili jina la Ngeli, kwa sababu hakuna kosa la sarufi lililompita akanyamaza. Muuza maji akisema "chupa amepasuka", Ngeli humsahihisha kwanza, kiu baadaye.

Mama yake, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa na shairi lililosomwa redioni miaka mingi. Watu walilicheka wakijua ni la mashine sumbufu:

Cherehani amenuna, uzi wangu haupiti,
Nikimuita kwa jina, hugeuza chake kiti.

Siku Ngeli alipolifundisha, msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, si tungesema imenuna?"

"Mshairi ana uhuru wake. Anatafuta mizani."

Msichana akahesabu kwa vidole. "Lakini imenuna na amenuna zina silabi sawa."

Ngeli akahesabu pia, zikatoka nne kwa nne. Baada ya kipindi, chumba cha walimu hakikukalika. Kama si mizani, basi ile "a" ni ya mtu. Tena cherehani gani ina jina la kuitwa? Kiti gani inageuza? Marehemu baba yake naye alikuwa fundi, akishona bega kwa bega na mama. Ina maana ndoa ile aliyoiona shwari ilikuwa hivyo? Akakaa, akainuka, akaomba ruhusa, akaenda kwa mama.

Alimkuta akishona kifungo.

"Kaa basi, unanitia kizunguzungu."

"Mama, nani alinuna?"

Sindano ikasimama. "Mhariri wa redio alitaka kuandika imenuna. Nikamkatalia. Nikadhani hakuna atakayeona."

"Ni baba?"

"Baba yako? Yule alikuwa hajui kununa. Ni mama yako mdogo. Tulikuwa tunashona chumba kimoja. Nikaolewa, nikamwachia babu yako mgonjwa, nikaenda zangu. Niliporudi kazini akanipa mgongo, na mpaka leo hajaugeuza."

Ngeli alikuwa ameambiwa siku zote kwamba mama mdogo haji kwao kwa kubanwa na shughuli, ingawa alikaa mtaa wa pili. Hakungoja hata kuaga vizuri.

Mama mdogo alimfungulia mlango nusu.

"Shikamoo, mama. Lile shairi la cherehani..."

"Marahaba. Nilisikia ile 'a' siku ya kwanza, nikazima redio." Alimkagua usoni. "Amekutuma?"

"Hapana."

"Basi mwambie aje. Na umwambie bado nimenuna."

Mlango ukafungwa. Ngeli akampigia mama simu papo hapo barabarani, akamfikishia maneno yale, akienda huku na kule hadi mwendesha baiskeli akamkwepa.

"Alisema aje," mama akauliza, "au alisema naweza kuja?"

"Alisema aje."

Kisha Ngeli akasikia kabati likifunguliwa kwa fujo.

"Nakuja. Ila usiondoke hapo. Nikifika nikashindwa kubisha hodi, utabisha wewe."

Ngeli akabaki anakanyaga ukingo wa barabara, jicho moja kwenye kona, jingine kwenye dirisha la mama mdogo, ambako pazia lilifunuliwa, likarudishwa, likafunuliwa tena.