Pua ya Mama

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni mahali ambapo mabasi ya watalii hayafiki. Nawapeleka gereji, wakaone ukuta ambao mafundi wamechora nyuso za wateja wasumbufu kwa mabaki ya rangi za magari. Nawapeleka kwa fundi viatu anayechonga vinyago kwa soli kuukuu. Mzee ana domo huyo, na vinyago vyake vyote vinafanana na mkewe. Mwisho tunakula kwa mama yangu, nyuma ya gereji: mabenchi matatu, majiko mawili ya mkaa, na sufuria kubwa ya maharage ambayo mafundi wameibandika jina la Makao Makuu.

Mama hakuwa na desturi ya kuonja. Alifunua sufuria, akainamisha uso kwenye mvuke, akanusa mara moja, basi: "Chumvi bado," au "Epua." Wageni walipenda kumpiga picha akinusa. Akimwona mpishi mwenzake na kijiko mdomoni alicheka, "Huyo anapika au anakula?"

Kisha akashikwa na mafua, yale ya kumlaza mtu wiki mbili. Mwili ukapona, pua haikupona. Hakuniambia. Nilijua siku wali ulipoungua hatua mbili kutoka alipokaa, naye anachambua mboga hana habari.

Jamani, ningemwambia nini? Namjua mama, ana kiburi cha kazi. Angezima majiko siku hiyohiyo, na bila majiko yale sijui angeamka asubuhi afanye nini. Nikawa mwizi wa jikoni. Akigeuka tu naonja, naongeza maji, natumbukiza kiazi kinyonye chumvi. Siku nilizokuwa njiani na wageni, mafundi walikula chakula kama kilivyo. Wanaume wale wanaogombania spana kutwa nzima walimaliza sahani zao wakasema, "Mama, leo umetisha!" Naye akafurahi. Mimi nilitamani kulia.

Mwezi uliopita nikamleta bibi mmoja mgeni, mpishi mstaafu. Alikula vijiko vitatu, akanywa vikombe viwili vya maji, akaniambia kwa lugha yake, kwa upole kabisa, kwamba chumvi imezidi mno, chakula hakiliki, na je, mpishi haumwi?

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Anasema kitamu. Hajapata kula maharage kama haya."

Mama akamtazama yule bibi, akakitazama kikombe, akanitazama mimi. "Wewe si unalipwa kutafsiri? Haya, tafsiri."

Nikatafsiri. Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyevunja sahani. Mafundi wote wakainamia chakula chao, na hapo mama akajua kwamba hakuna aliyekuwa hajui.

Nilitegemea atafoka. Afadhali angefoka! Alikaa kwenye benchi, akafuta mikono kwenye aproni muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua, mama."

Akahesabu miezi kwa vidole. Baba alifariki miezi minne baada ya yale mafua. Siku zake za mwisho mama alimpelekea uji na supu kitandani, naye akawa anasukuma bakuli. Mama alimgombeza vibaya. Alimwambia anadeka, alimwambia anajiua kwa makusudi, tena jioni, mbele yetu sote.

"Alikuwa ananiambia ameshiba," mama akasema. "Kila siku ameshiba. Mtu hajatia kitu tumboni, ameshiba."

Nikamwambia ni ugonjwa, mama, daktari mwenyewe alisema hamu ya kula ingepotea. Nilisema maneno mengi, yote ya kweli. Alinisubiri nimalize, kisha akaniuliza kama niliwahi kuuonja ule uji.

Niliuonja, siku ya kwanza, ulikuwa chumvi tupu. Nikamwaga nusu, nikaongeza maziwa, na baba akanywa bakuli zima. Siku nyingine zote nilikuwa kazini, natembeza wageni.